Mzigo wa Mwenzio: Historia Fupi ya Watafiti wa Kodi katika Majimbo ya Marekani

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetazama kwa mbali huliona kanda limefura, akadhani ndani mna usufi mtupu. Uzito wake anaujua yule aliyetwikwa. Methali hii inafaa kufungulia somo la leo, kwa kuwa kodi nayo ni mzigo, na swali lake halijabadilika tangu serikali za kwanza duniani: nani ametwikwa, na mzigo una uzito gani kichwani pake?

Mpenzi msomaji, leo tunakwenda Marekani kuitazama taasisi moja ya utafiti isiyotafuta faida, iitwayo Institute on Taxation and Economic Policy, ambayo Wamarekani huifupisha ITEP. Taasisi hii haina mamlaka ya kutoza hata senti moja, haina askari wala mahakama, na haisimamishi mgombea katika uchaguzi. Kazi yake ni kuhesabu. Hata hivyo, majedwali yake husomwa katika mabunge ya majimbo, hunukuliwa na wanaotunga sheria na kupingwa vikali na wasiopendezwa nayo. Tutaeleza kazi hiyo ilikotoka, mpinzani wake ni nani, na mwananchi wa kawaida anapata funzo gani humo.

Nchi moja, hazina hamsini

Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, gavana wake na hazina yake. Serikali ya shirikisho hutegemea zaidi kodi ya mapato. Majimbo na serikali za mitaa husimama juu ya nguzo tatu: kodi ya mali, yaani ardhi na majengo, kodi ya mapato, na kodi ya mauzo, ambayo mnunuzi hulipa dukani juu ya bei ya bidhaa.

Katika karne ya 19 nguzo kuu ilikuwa kodi ya mali. Mwaka 1911 jimbo la Wisconsin likapitisha kodi ya mapato iliyofanikiwa kweli, ya kwanza ya aina yake katika zama hizi, na majimbo mengine yakaiga. Kisha ukaja mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Bei za mazao zilianguka, wakulima wakashindwa kulipia mashamba yao, na hazina za majimbo zikakauka. Mississippi ilianzisha kodi ya mauzo mwanzoni mwa muongo huo, na kabla haujaisha zaidi ya majimbo 20 yalikuwa na kodi kama hiyo. Leo majimbo 45 hutoza kodi ya mauzo, ilhali majimbo tisa hayatozi kodi yoyote juu ya mshahara wa mfanyakazi.

Kwa sura ya nje, kodi ya mauzo ni ya haki kabisa: tajiri na maskini wanalipa kiwango kilekile kwa mkate uleule. Lakini tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kodi ni asilimia 9. Mfanyakazi anapata dola 20,000 kwa mwaka, na kati ya hizo dola 15,000 hutumika kununua vitu vinavyotozwa kodi. Atalipa dola 1,350, ambazo ni karibu asilimia 7 ya kipato chake chote. Tajiri anapata dola 1,000,000, naye ananunua vitu vya dola 150,000, kwa maana mtu hawezi kula wala kuvaa milioni nzima. Atalipa dola 13,500. Fedha hizo ni nyingi mara kumi, lakini ni asilimia moja na kidogo tu ya kipato chake. Kiwango ni kimoja, na mizigo ni miwili tofauti.

Visarafu vya alumini

Jimbo la Washington, lililo pwani ya Bahari ya Pasifiki, mbali sana na mji mkuu wenye jina hilo, ndilo linalotuonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1932 wapiga kura wa jimbo hilo, wakiongozwa na chama cha wakulima, walikubali kwa wingi mkubwa kodi ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda. Walitaka mzigo uondoke kwenye shamba, ambalo mwaka huo halikuzaa fedha, uende kwa mwenye mapato. Mwaka 1933 Mahakama Kuu ya jimbo iliibatilisha sheria hiyo. Majaji walio wengi walisema kwamba mapato ni mali, na kwamba Katiba ya jimbo inataka mali ya aina moja itozwe kwa kiwango kimoja.

Hazina ilikuwa tupu, na haikuweza kungoja. Mwaka 1935 bunge lilipitisha kodi ya mauzo ya asilimia 2. Tatizo likazuka papo hapo: asilimia 2 ya kitu cha senti tano hailipiki kwa sarafu yoyote. Serikali ikatengeneza visarafu vya alumini vyenye thamani ndogo kuliko senti moja, watu wakawa wanavibeba mifukoni kwa ajili ya kodi ya vitu vidogovidogo.

Visarafu hivyo vinastahili kukumbukwa, kwa sababu vinaeleza tofauti kubwa kati ya kodi na kodi. Anayelipa kodi ya mapato huiona: mwisho wa mwaka hujaza fomu, akasoma jumla, akaguna au akanung'unika. Anayelipa kodi ya mauzo hulipa kidogo leo, kidogo kesho, kwenye sabuni, viatu na betri. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hujazwa bila mwenyewe kukiona. Hakuna risiti ya mwaka inayomwambia mfanyakazi kwamba amelipa sehemu fulani ya kipato chake. Ili ajue, hapana budi mtu mwingine akae chini amjumlishie.

Walioanza kujumlisha

Wa kwanza kuifanya kazi ya kuhesabu kodi kwa utaratibu wa kudumu hawakutoka upande wa wafanyakazi. Desemba 1937 wakuu wa kampuni kubwa, akiwemo Alfred P. Sloan wa General Motors, walianzisha Tax Foundation mjini New York. Nia yao ilikuwa kufuatilia kodi na matumizi ya serikali, ambayo waliona yanapanda kupita kiasi. Tangu mwaka 1941 taasisi hiyo imekuwa ikitoa kitabu cha takwimu za kodi, na tangu mwaka 2003 imekuwa ikiyapanga majimbo kwa nafasi, kutoka la kwanza hadi la hamsini, kwa kupima jinsi muundo wa kodi unavyowafaa wafanyabiashara na wawekezaji.

Upande wa pili ulichelewa kwa miongo minne. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha kifungu kilichozifunga kamba kodi za majengo, na wimbi la kupinga kodi likasambaa nchini. Mwaka uliofuata vyama vya wafanyakazi na makundi ya kiraia walianzisha Citizens for Tax Justice, na mwaka 1980 ikazaliwa ITEP kama dada yake wa utafiti. Mmoja alikuwa msemaji barazani, mwingine mhasibu chumbani.

Nguvu ya hesabu ilionekana mapema. Mwaka 1984 Citizens for Tax Justice ilichambua taarifa za fedha za kampuni 250 kubwa, taarifa ambazo kampuni zenyewe zilikuwa zimezitangaza kwa wanahisa wao. Ilibainika kwamba kampuni 128 kati ya hizo hazikulipa kodi yoyote ya mapato kwa serikali ya shirikisho katika angalau mwaka mmoja kati ya 1981 na 1983. Mojawapo ilikuwa General Electric, iliyopata faida ya mabilioni ya dola katika miaka hiyo. Haikuwa imevunja sheria. Ilipita katika mianya ambayo sheria yenyewe iliiacha wazi. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha kampuni hiyohiyo, alitia saini sheria iliyoziba mianya mingi. Sheria hiyo pia ilishusha kiwango cha juu cha kodi ya mtu binafsi kutoka asilimia 50 hadi 28, kwa hiyo kila upande ulitoka na kitu mkononi.

Baada ya hapo ITEP iligeukia majimbo. Mwaka 1996 ilitoa toleo la kwanza la ripoti inayoitwa *Who Pays?*, jina ambalo kwa Kiswahili ni "Nani Hulipa?" Njia yake inaweza kuelezwa kwa maneno mepesi. Watafiti hukusanya takwimu za kipato, matumizi na makazi za sampuli kubwa ya kaya. Huzitia katika programu ya kompyuta iliyofundishwa sheria za kodi za kila jimbo. Kisha huwapanga watu kuanzia maskini hadi tajiri, wakauliza swali moja kwa kila kundi: kati ya kila dola 100 unazopata, dola ngapi zinakwenda kwenye kodi zote za jimbo na za mitaa?

Jibu la toleo la saba, lililotoka Januari 2024, ni hili. Kwa wastani wa nchi nzima, moja ya tano ya watu walio maskini zaidi hulipa asilimia 11.4 ya kipato chao. Asilimia moja ya watu walio matajiri zaidi hulipa asilimia 7.2. Katika majimbo 44 pengo la kipato kati ya watu ni kubwa zaidi baada ya kodi za jimbo kulipwa kuliko kabla ya kulipwa.

Jimbo moja, sifa mbili

Hapa, msomaji, ndipo penye fundo la somo letu. Tuichukue Florida. Jimbo hilo halitozi kodi ya mapato kwa watu binafsi. Katika orodha ya Tax Foundation ya mwaka 2024 Florida ilishika nafasi ya 4 kwa ubora. Katika ripoti ya ITEP ya mwaka huohuo ilikuwa ya kwanza kwa kuwaelemea maskini: kundi la chini lililipa asilimia 13.2 ya kipato chake, na kundi la juu kabisa asilimia 2.7. New York ilikuwa kinyume chake. Tax Foundation iliiweka nafasi ya 49 kati ya 50; ITEP iliihesabu miongoni mwa majimbo machache yanayowapunguzia maskini mzigo.

Je, mmoja wao anasema uongo? La. Wote wawili wamesoma sheria zilezile, lakini wameuliza maswali mawili. Tax Foundation inauliza: mwekezaji akitazama jimbo hili, kodi zitamvuta au zitamfukuza? Hoja yake ni kwamba mtaji una miguu. Ukiutoza sana unahama, na wanaobaki hukosa ajira. ITEP inauliza: mzigo wa jimbo hili umekaa juu ya kichwa cha nani? Hoja yake ni kwamba huduma za umma hugharimu fedha, na asiyetozwa yule mwenye nazo, atatozwa yule asiye nazo.

Pia inafaa kujua nani anampa mtafiti chakula. Tax Foundation ilizaliwa na wakuu wa kampuni, na ITEP ilizaliwa karibu na vyama vya wafanyakazi na huishi kwa misaada ya mifuko ya hisani. Zote mbili, kama taasisi zisizotafuta faida, zimesamehewa kodi ya mapato, jambo linaloweza kumchekesha msomaji. Lakini kujua mfadhili si sawa na kukanusha hesabu. Hesabu hukanushwa kwa hesabu.

Pale wapinzani walipokubaliana

Kuna wakati ambapo taasisi hizi mbili zilisimama upande mmoja, na wakati huo unafundisha kuliko ugomvi wao. Mwaka 2012 Gavana Sam Brownback wa Kansas alitia saini sheria iliyopunguza kodi ya mapato kwa kiasi kikubwa. Sheria hiyo ilikwenda mbali zaidi: iliyafuta kabisa malipo ya kodi ya jimbo kwa mapato ya biashara ambazo faida yake huhesabiwa moja kwa moja kuwa mapato ya mwenyewe. Ahadi ilikuwa kwamba uchumi ungeruka kama risasi.

ITEP ilipinga, ikisema faida ingekwenda juu na mzigo ungeshuka chini. Tax Foundation, ambayo kwa kawaida hushangilia kupunguzwa kwa kodi, nayo ilikikosoa kifungu hicho cha biashara. Sababu yake ilikuwa tofauti: iliona kwamba kufuta kodi kwa aina moja ya mapato na kuiacha kwa mshahara kunawafanya watu wabadili majina ya mapato yao bila kuongeza kazi wala ajira. Serikali ilitarajia msamaha huo utumiwe na walipakodi wapatao 200,000; waliojitokeza walizidi 300,000.

Hazina ilitoboka. Mwaka 2015 bunge la Kansas lilipandisha kodi ya mauzo hadi asilimia 6.5, na kodi hiyo iligusa hata vyakula. Mwenye biashara alisamehewa, mnunuzi wa unga akaongezewa. Juni 2017 bunge, lililotawaliwa na chama cha gavana mwenyewe, lilipiga kura kuishinda kura yake ya turufu na kuifuta sehemu kubwa ya sheria ile.

Washington tena

Turudi sasa pale visarafu vilipotengenezwa. Kwa zaidi ya miaka 80 jimbo la Washington lilibaki bila kodi ya mapato. Wapiga kura waliletewa mapendekezo mara kadhaa wakayakataa. La mwaka 2010 lilikataliwa kwa kishindo. Wakati huohuo jimbo liligeuka kuwa makao ya Microsoft na Amazon, na ya baadhi ya watu matajiri kabisa duniani. Ripoti ya ITEP ya mwaka 2018 ililiweka jimbo hilo mahali pa aibu kuliko yote: kundi la chini lilikuwa likilipa asilimia 17.8 ya kipato chake, na asilimia moja ya juu ikilipa asilimia 3.

Takwimu hizo zilirudiwa bungeni, magazetini na katika mikutano ya hadhara. Mwaka 2021 bunge lilipitisha kodi ya asilimia 7 juu ya faida ya kuuza hisa na mali za aina hiyo, kwa faida inayozidi dola 250,000 kwa mwaka, fedha zielekezwe kwenye elimu na malezi ya watoto. Mwaka huohuo lilitenga fedha za kurejeshea kaya za kipato cha chini sehemu ya kodi ya mauzo waliyolipa. Kesi ilifunguliwa, na hoja ilikuwa ileile ya mwaka 1933. Machi 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba kodi hiyo inatozwa kwa kitendo cha kuuza, si kwa mali, na kwa hiyo inakubalika. Novemba 2024 wapiga kura waliulizwa kama wanataka ifutwe; wengi walisema ibaki.

Katika toleo la 2024 kundi la chini la Washington lilihesabiwa kulipa asilimia 13.8, na kundi la juu asilimia 4.1. Jimbo hilo lilikuwa bado la pili kwa kuwaelemea maskini, lakini halikuwa tena la kwanza. Wanaoipinga kodi nao hawakukosa la kusema. Mwishoni mwa mwaka 2023 Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alitangaza kuhamia Florida. Alitaja wazazi wake na kampuni yake ya roketi, wala hakuitaja kodi. Wapinzani walilitaja tukio hilo kama ushahidi kwamba mtaji una miguu kweli. Mjadala unaendelea, na ni vyema uendelee, maadamu pande zote zinaweka hesabu mezani.

Sisi tunajifunza nini?

Huenda utauliza, mwanafunzi wangu: majimbo ya Marekani yananihusu nini mimi ninayejifunza Kiswahili hapa Uganda? Yanakuhusu, kwa sababu Kiswahili kina neno linaloeleza historia yetu sote katika eneo hili: kodi ya kichwa. Ni kodi inayohesabu vichwa isihesabu mifuko. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia tatu kwa kila kibanda. Kibanda cha mjane na kibanda cha mwenye ng'ombe vilikuwa sawa machoni pa mkusanyaji. Zaidi ya karne moja baadaye, Julai 2018, serikali yetu ilianzisha kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Mwendesha bodaboda na mkurugenzi walilipa shilingi zilezile, hadi kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2021. Nayo Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ni asilimia 18 hapa kwetu na asilimia 16 Kenya, hulipwa dukani kwa vijisehemu, kama vile visarafu vya Washington.

Sisemi kwamba kodi hizi zote ni mbaya. Serikali isiyokusanya kodi haijengi shule, na kodi ya dukani ni rahisi kukusanya mahali ambapo wengi hawana ajira rasmi. Sheria yetu imesamehe vyakula visivyosindikwa, na msamaha huo una faida kwa mwenye kipato kidogo. Ninalosema ni kwamba hatuwezi kuijadili kodi kwa haki kama hatujui nani ameibeba. Mbunge anapotamka kwamba kodi fulani ni ndogo, muulize: ndogo kwa nani? Mtaalamu anapotoa jedwali, uliza maswali matatu: amehesabu nini, ameacha nini, na alikuwa akitafuta jibu la swali gani?

Raia asiyeuliza hayo ataendelea kuutazama mzigo wa mwenzake na kuuona usufi. Na siku atakapotwikwa wa kwake, wenzake nao watautazama hivyohivyo.

Msamiati

*Kanda*: mfuko uliosukwa kwa ukili.
*Usufi*: nyuzi nyepesi za tunda la msufi, hujaziwa mito na magodoro.
*Kutwika*: kumwekea mtu mzigo kichwani.
*Kaya*: watu wanaoishi na kula pamoja katika nyumba moja.
*Mwanya*: nafasi iliyoachwa wazi, katika sheria, mahali ambapo mtu hupita bila kuvunja kifungu.
*Kura ya turufu*: uwezo wa kiongozi kuukataa uamuzi uliopitishwa na bunge.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini kiwango kimoja cha kodi kinaweza kuwa mizigo miwili tofauti.
2. Ungekuwa mbunge wa Kansas mwaka 2012, ungeisikiliza hoja ya taasisi ipi zaidi, na kwa nini?
3. Taja kodi moja unayoilipa bila kuiona. Jaribu kuijumlisha kwa wiki moja, kisha uandike aya moja ya Kiswahili kuhusu ulichokigundua.